Namna ya kuanza XCOM bila kuzika kikosi kizima

Askari wangu wa kwanza kufa kwenye XCOM: Enemy Unknown, lile gemu la 2012 la kuongoza kikosi cha askari, kwa zamu, dhidi ya wavamizi kutoka anga za mbali, nilikuwa nimempa jina la mdogo wangu. Watatu walishajibanza salama nyuma ya magari, amebaki yeye tu kusogea. Nikamkimbiza mbele kabisa, "achungulie tu kuna nini." Kulikuwa na Thin Men watatu, wavamizi wanaojifanya binadamu wembamba, na mimi sina askari mwingine wa kusogeza wala wa kufyatua risasi. Zamu ikaenda kwao. Mwenye jina, aliyekuwa amekaa pembeni yangu anaangalia, alinicheka wiki nzima.

Karibu kila mgeni wa gemu hili hufanya kosa hilo, kwa hiyo tuanzie hapo. Maadui hukaa vikundi vya wawili watatu, wametulia, mpaka askari wako awaone. Wakishaonekana, hupewa mwendo wa bure wa kukimbilia kinga, yaani kitu cha kujibanza nyuma yake, hata kama zamu ni yako. Kwa hiyo kabla hujamsogeza mtu, usijiulize atafika wapi. Jiulize: akikurupusha kikundi, nimebaki na nani? Anayetangulia ndiye afungue njia, wenzake wapite palepale alipopita. Wa mwisho haendi kuchungulia kitu. Kila askari ana vitendo viwili kwa zamu: kimoja cha kusogea, kingine muweke mavizioni, amfyatulie adui yeyote atakayesogea machoni pake. Kukimbia kwa vitendo vyote viwili ni kwa sehemu uliyokwisha kuiona tu.

Mkishakutana, piga hesabu. Askari mpya ana shabaha ya asilimia 65. Adui akiwa nyuma ya kinga nusu inapungua 20, kinga kamili 40. Sectoid, yule mvamizi mdogo unayekutana naye mwanzoni, akijibanza nyuma ya lori, yaani kinga kamili, anakuachia asilimia 25 tu. Watu hufyatua hiyo 25 mara nne, wakakosa zote, kisha wakaitukana kompyuta. Mzunguke ubavuni, lori lisimsaidie: namba inarudi 65, inapanda kadiri unavyomkaribia, na pigo likimpata lina nafasi kubwa ya kuwa la kumaliza. Njia ya ubavuni imefungwa? Tupa bomu la mkono. Halikosi, linakata uhai 3, na Sectoid kwenye ugumu wa kawaida ana 3 hizo hizo. Hata likimpata adui mwenye uhai zaidi, linaweza kumbomolea kinga yake. Hasara yake ni kwamba mlipuko unaharibu vipande vya silaha ambavyo ungevipeleka maabara. Mwezi wa kwanza mimi huwa sivililii hivyo vipande. Nalilia watu.

Kuna raha moja ndogo ambayo gemu halikufundishi vizuri. Ukiona Sectoid mmoja anamtumia mwenzake mwanga wa zambarau wa kumwongezea nguvu, achana na yule aliyepokea, hata kama ndiye aliye karibu. Mtafute aliyetuma. Akifa yeye, na mwenzake anadondoka hapohapo. Risasi moja, maiti mbili. Ni vitu kama hivi vinavyonifanya niseme "misheni moja tu kisha nalala" mpaka kunakucha.

Kwa upande wa makao makuu nitakwambia jambo moja tu: setilaiti. Kuitengeneza huchukua siku 20, kwa hiyo agiza mwanzoni mwa mwezi, si mwishoni. Ikishakamilika usiirushe kwa papara. Subiri siku za mwisho mwisho, uone nchi gani hofu yake imefika juu kabisa, ndipo uirushe huko kuituliza kabla ripoti ya mwezi haijatoka. Nchi zinazokufadhili ni 16, na zikijitoa 8 mchezo umekwisha, hata kama vitani hujawahi kushindwa.

Sasa kasoro, maana zipo. Kubwa kwangu ni ule mwendo wa bure niliousema. Kwa sababu gemu linamwadhibu anayechungulia, njia salama inakuwa kutambaa: hatua mbili, mavizioni, hatua mbili, mavizioni. Inashinda, lakini inachosha, na sidhani ndivyo watengenezaji walivyotaka tucheze. XCOM 2, ya 2016, iliweka idadi ya zamu kwenye misheni nyingi ili kuwasukuma watambaaji mbele. Mimi ilinipa presha, ila naielewa nia yake.

Ugumu nao umekaa kichwa chini miguu juu. Mwanzoni, ukiwa na wanagenzi wanne, kosa moja linaua nusu ya kikosi, na kikosi kilichopungua kinafanya misheni inayofuata iwe ngumu zaidi. Mwishoni, ukiwa na wadunguaji wazoefu na silaha za plasma, unawafagia tu. Ramani zinajirudia pia, na ndani ya jengo la ghorofa kamera inaweza kukupeleka juu ya paa wakati ulitaka sebuleni. Angalia mara mbili kabla ya kubofya.

Usitegemee kulodi, yaani kurudi kwenye gemu ulilohifadhi kabla ya kosa. Ukikosa risasi, ukarudi nyuma na kuifyatua vilevile, utakosa tena, kwa sababu matokeo ya bahati yamehifadhiwa pamoja na gemu. Badilisha mpangilio, aanze mwingine, na matokeo hubadilika. Hali ya Ironman, yenye gemu moja tu lililohifadhiwa na lisilorudi nyuma, iache mpaka umalize gemu walau mara moja.

Nilipoanza upya, askari mwenye jina la mdogo wangu nilimpa bomu na kumweka wa pili kwenye mstari, si mbele wala mwisho. Sasa hivi ana cheo cha Kanali, na mwenye jina ameanza kudai mshahara.