Kipa wa hoki ya barafuni: kuituma paki pembeni

Paki ni kisahani cha raba ngumu, takriban gramu 170. Kwenye hoki ya vyuo vya Marekani, mabao mengi huzaliwa pale inapomdunda kipa na kuangukia katikati.

Kwa shuti la chini, weka fimbo barafuni sentimita 20 hadi 30 mbele ya viatu, ubapa ukiinamia nyuma kidogo. Paki ikigusa, zungusha fimbo kuelekea kona. Usiisukume mbele. Fimbo iliyoshikamana na viatu haina nafasi ya kumeza kasi, ndiyo maana paki hurudi moja kwa moja kwa mpinzani.

Shuti la kifuani: inama, toa pumzi, legeza tumbo, funika kwa glovu. Ukikaza mwili itadunda.

Mabeki nao wana kazi, tena kubwa. Kila mmoja akae kati ya mshambuliaji anayemkaba na lango, na ainue fimbo ya mpinzani mara tu kipa anapookoa. Beki anayeziba nusu tu ya njia ya shuti ndiye mbaya zaidi: haizuii paki, na kipa haoni. Azuie kabisa au apishe. Mshambuliaji wa kati ashuke mbele ya lango kuokota iliyobaki.