Bima na gharama za dawa za IVF: piga hesabu kabla ya sindano ya kwanza

Mimi nilijua nikishapata kibali cha bima cha IVF, yaani mayai kurutubishwa maabara alafu kupandikizwa kwenye kizazi, basi nimemaliza, kumbe kile kibali kilikuwa cha kutoa mayai na maabara tu, dawa hazimo kabisa, na nilikuja kujua nikiwa nimesimama dirishani famasia na orodha ya sindano mkononi, kadi inakataa, na sindano ya kwanza ilikuwa ya usiku uleule. Sitaki yakukute. Kwenye bima nyingi matibabu na dawa ni mifuko miwili tofauti, kila mmoja una kibali chake, kikomo chake, na wakati mwingine hata watu wa kuongea nao ni tofauti.

Kwaiyo anza na mkataba wenyewe, sio kile kikaratasi cha matangazo. Tafuta ukurasa wa vitu visivyolipiwa usome kila mstari. Angalia kama kuna muda wa kusubiri tangu ulipojiunga, kikomo ni cha mwaka au cha maisha yako yote, na wanahesabu kwa pesa au kwa idadi ya mizunguko, yaani raundi moja moja za matibabu. Kama ni mizunguko uliza ukikatishwa katikati kabla ya mayai kutolewa unahesabiwa au la, hili watu wengi hawalifikirii mpaka liwatokee.

Ukikuta wameandika hawalipii utasa usikate tamaa hapohapo. Mara nyingi wanachokataa ni tiba ya kupata mimba, ila ugonjwa uliosababisha unalipiwa kama ugonjwa mwingine wowote, yaani faibroidi (uvimbe kwenye kizazi), endometriosisi (nyama za ndani ya kizazi kuota nje yake), thairoidi, prolaktini (homoni ya maziwa) iliyopanda. Hizi zina namba zake kwenye ICD-10, ile orodha ya kimataifa ya namba za magonjwa, faibroidi ni D25, endometriosisi N80, wakati utasa wa mwanamke ni N97 na wa mwanaume N46. Sasa kama skani imefanywa kwa ajili ya faibroidi alafu karani akaandika N97 tu, inakataliwa. Muombe daktari aandike ugonjwa ulionao kweli, na simaanishi adanganye, ukidanganya bima wanaweza kukufutia kila kitu.

Unapowapigia simu usiulize "mnalipia IVF?" manake watakujibu ndio au hapana na utakuwa hujajua kitu. Wasomee majina ya dawa moja moja: sindano za kukuza mayai kama Gonal-f au Menopur, ya kuzuia mayai yasiachiliwe mapema kama Cetrotide, ile ya mwisho ya kupevusha mayai, na projesteroni, homoni ya kusaidia mimba ishike. Uliza kila moja inahitaji kibali? ni lazima ninunue famasia fulani? mimi nachangia kiasi gani? kibali kinaisha lini? Hiyo ya mwisho muhimu sana, hedhi ikichelewa au ukikutwa na sisti (kifuko cha maji kwenye ovari) mzunguko unasogezwa na kibali kinakufa mkononi. Andika jina la uliyeongea naye na tarehe, alafu omba wakutumie kwa imeili, maneno ya mdomo hayana kazi siku wakikataa kulipa.

Hesabu ya dawa sasa. Hapa ndipo pesa inapoteketea bure, kwa sababu mtu anaandikiwa dozi ya siku kumi anakimbia kununua yote, skani ya kwanza ya kuangalia mayai yanavyokua daktari anapunguza dozi au mzunguko unasimamishwa, na famasia hawarudishi dawa ikishatoka. Uliza kama unaweza kununua mpaka siku ya skani kwanza. Chukulia dozi yako ya Gonal-f ni yuniti 250 kwa siku, siku tano ni 1250, peni (sindano yenye umbo la kalamu, dawa imo ndani) moja ya 900 na moja ya 450 zinakupa 1350, unafika skani na bado una 100. Ila usiishiwe wikendi famasia imefunga, na sindano ya kupevusha iwe ndani mapema, ile inapigwa saa maalum, kama saa 36 hivi kabla ya kutoa mayai, sio siku ya kuanza kuzunguka mjini unaitafuta.

Na peni usiitupe haraka. Siku yangu ya nne nilibonyeza, kidirisha kikagoma kwenye 100, nikadhani ni mbovu. Nesi akanielewesha kwamba peni imebakiwa na 150 na zimeshaingia, hiyo 100 inayoonekana ndio iliyopungua kwenye dozi, nichukue peni mpya niweke 100 nijichome tena. Unajichoma mara mbili lakini hakuna tone limepotea. Peni ya Gonal-f ikishaanza kutumika inakaa siku 28.

Daktari umuulize pia kama kuna dawa ya kampuni nyingine yenye kazi ileile kwa bei ya chini, zipo, na kama projesteroni ya kuweka ukeni inakufaa badala ya sindano. Ila kupunguza dozi mwenyewe ili dawa ifike mbali hapana jamani, na za kununua kwa mtu aliyebakiza pia hapana, hujui zilikaa wapi kwenye joto.

Kwenye bajeti usisahau vinavyokuja baadae: kugandisha viinitete (mayai yaliyorutubishwa) na ada ya kuvihifadhi kila mwaka, dawa za kupandikiza, na projesteroni ambayo mimba ikishika wengi wanaendelea nayo mpaka wiki ya 8 au 10 au zaidi. Mimi hii sikuiwekea hata senti.

Wakikataa kulipa, omba sababu kwa maandishi na kifungu walichotumia, angalia mwisho wa kukata rufaa ni lini, alafu peleka barua ya daktari, majibu ya vipimo na ile imeili yao. Yangu ya kwanza ilikataliwa kwa sababu namba ya ugonjwa kwenye risiti haikufanana na ya kwenye kibali, kliniki wakarekebisha namba moja, ikalipwa.