Kupunguza Umeme wa Friji Dukani
Mwenye duka la vyakula nchini Tanzania anayetumia mita ya LUKU (ya kulipia umeme kabla ya kuutumia) anaweza kujua friji zake zinakula umeme kiasi gani bila kumwita fundi: asome uniti zilizobaki anapofunga usiku, azime taa na vifaa vingine vyote, kisha asome tena asubuhi kabla ya kufungua duka; uniti zilizopungua ndizo zilizotumiwa na friji.

Baada ya hapo kagua mpira wa mlango, ambao kwa maoni yangu hupuuzwa mno. Bana karatasi kati ya mpira na fremu, funga mlango, uivute. Ikichomoka kwa urahisi, hewa ya joto inaingia na mota haipumziki. Mpira mchafu huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, uliopasuka hubadilishwa. Chomoa plagi, ufute vumbi kwenye koili za nyuma, na uiache friji mbali kidogo na ukuta.

Nyuzi 4 za Selsiasi zinatosha kwa maziwa, na nyuzi 18 chini ya sifuri kwa samaki waliogandishwa. Umeme ukikatika, usifungue friza: ikiwa imejaa, hutunza baridi kwa takriban saa 48, ikiwa nusu, saa 24.