Mitende na Migomba Nje ya Nyumba Kwenye Pwani ya Baridi: Ogopa Maji Kuliko Baridi

Mnazi hauishi nje Uingereza. Uupande penye jua kuliko pote, uufunike utakavyo, hautavuka majira ya baridi ya kwanza. Nalisema mapema kwa sababu ndilo swali la kwanza la wenzetu wanaohamia huko na kupata nyumba yenye kiwanja nyuma, na madukani wanaikuta miche ya minazi ikiuzwa ingali imeshikamana na nazi yake. Ule ni mmea wa kuweka sebuleni, na hata sebuleni mara nyingi haudumu. Mnazi huacha kukua udongo ukipoa tu, siku nyingi kabla joto halijashuka hadi sifuri.

Ila ukoo wa mnazi na mtende ni mkubwa. Baadhi ya ndugu zake wametoka milima ya China, kando ya bahari ya Mediterania, Chile na kusini mwa Brazili, na hao huishi nje mwaka mzima huko Cornwall, Devon, visiwa vya Scilly, kusini mwa Ireland na hata magharibi mwa Scotland. Bustani ya Inverewe, iliyoanzishwa na Osgood Mackenzie mwaka 1862, iko kaskazini kuliko Moscow, na bado inaotesha mimea ya nchi za joto bila kioo juu yake.

Bahari ndiyo inayowezesha haya. Mkondo wa maji ya uvuguvugu unaovuka Atlantiki huzuia baridi ya pwani isishuke sana. Visiwani Scilly, usiku wa Januari kwa wastani ni kama nyuzi 6 juu ya sifuri. Lakini bahari hiyohiyo huzuia joto pia: mchana wa Julai hapo hauzidi sana nyuzi 19 au 20, kiwango ambacho Mombasa hupatikana usiku tu. Halafu kuna mvua, na nyingi huja miezi ya baridi, wakati mmea umelala na mizizi hainywi kitu. Kwa hiyo mmea wako una shida mbili ambazo kipimajoto hakikuonyeshi: majira ya joto hayana joto la kutosha la kuujenga, na majira ya baridi huukalisha kwenye tope kwa miezi. Mitende mingi inayokufa huko huuawa na maji yaliyotuama, na lawama huangukia sakitu, yaani umande ulioganda.

Yeyote aliyewahi kuangusha mnazi akala kichilema anajua sababu. Ukoo huu una sehemu moja tu ya kuotea, ule moyo laini ulio juu katikati ya makuti. Mwembe ukikatwa tawi huchipua pengine. Mnazi au mtende wa shina moja ukioza moyo umekwisha. Maji ya mvua hujikusanya pale juu, yakiganda yanapasua nyama laini, yakiyeyuka ukungu na bakteria huingia kwenye jeraha. Huku nje makuti ya zamani yanabaki kijani kwa wiki kadhaa, na mwenye bustani anadhani mambo ni shwari.

Basi jenga tabia hii: kuanzia Februari, shika kuti changa la katikati, lile ambalo halijafunguka, ulivute taratibu. Likikaza, mti ni mzima. Likichomoka mkononi, litazame upande wa chini: utakuta limekuwa kahawia, linateleza na linanuka. Hapo usiung'oe mti. Safisha uozo wote kwa kitambaa, weka paa dogo juu ili mvua isiingie tena, acha pakauke, na usubiri. Mara nyingi uozo haukufika chini kabisa, na Juni au Julai kuti jipya hutokeza, pengine likiwa fupi na limekatika ncha. Miti mingi hutupwa Machi ambayo ingepona Julai.

Sasa uchaguzi wa mti. Kwa anayeanza, nashauri aina moja kabla ya zote: Trachycarpus fortunei, mtende wa China wenye makuti yenye umbo la upepeo wa mkono yanayofanana na ya mvumo, ila madogo. Shina lake limevikwa nyuzi za kahawia, na wakulima wa China walizitumia kusokota kamba na kushona makoti ya mvua. Robert Fortune, mkusanya mimea kutoka Scotland, aliukuta huko China na akatuma miche Uingereza mwaka 1849. Mti uliokomaa huvumilia nyuzi 10 chini ya sifuri, na zaidi ya hapo kwa muda mfupi. Sifa yake kubwa kwangu ni nyingine: hukua hata kwenye majira ya joto yasiyo na joto, kwa sababu kwao ni milimani penye ukungu. Kasoro yake ni upepo, unaoyachana makuti yake mapana. Penye upepo tafuta Trachycarpus wagnerianus, jamaa yake wa karibu mwenye makuti madogo yaliyokakamaa.

Chamaerops humilis ni mfupi, hutoa mashina mengi kutoka chini kama mkindu, na hustahimili upepo wa chumvi. Unafaa sana kwa nyumba iliyo ufukweni, mradi udongo uwe mkavu. Butia wa Brazili na Uruguay una makuti ya rangi ya kijivu yaliyopinda vizuri, nao unataka jua la kutwa. Jubaea wa Chile ni wa mtu mwenye subira ya kupandia wajukuu. Mtende wa visiwa vya Kanari, Phoenix canariensis, umekuwa mkubwa mno kwenye viwanja vya mbele vya nyumba kadhaa za London, kwa kuwa joto la jiji linausaidia, ila mche mchanga huumia nyuzi zikishuka chini ya 5 au 6 chini ya sifuri. Mtende wenyewe wa tende hauna raha kwenye mvua ile. Uache Oman na Basra. Na mkindu wetu nao ni wa chungu tu, wa kuingizwa ndani Oktoba.

Utaona pia mti unaouzwa kwa jina la mtende wa Cornwall au wa Torbay. Huo ni Cordyline australis wa New Zealand, wala si wa ukoo wa mtende. Unapendeza na hauoni taabu ya chumvi, lakini Desemba 2010, mwezi wa baridi isiyo ya kawaida Uingereza nzima, ilichoma mingi sana. Waliokuwa na subira waliona machipukizi chini ya shina kiangazi kilichofuata.

Panda mwishoni mwa Mei hadi Julai, usipande vuli. Mizizi ya ukoo huu inahitaji udongo wenye joto ili ishike, na mche uliopandwa Oktoba unaingia kwenye baridi ukiwa hauna mizizi ya kuutegemeza. Duka la bustani litakupunguzia bei Oktoba; chukua punguzo, lakini uuweke mche kwenye chungu mahali pasipo mvua hadi mwaka ufuatao.

Kabla ya kuchimba, fanya jaribio la maji. Chimba shimo la kina cha mkono mmoja, jaza maji, rudi kesho yake. Kama maji yangalipo, udongo wako ni wa mfinyanzi na hapo chini pamefunga. Kosa la kawaida ni kuchimba shimo refu kwenye udongo huo na kulijaza kokoto na mboji. Umetengeneza ndoo: maji ya kiwanja kizima yatakimbilia humo na kukaa. Badala yake inua udongo. Tengeneza tuta pana la sentimita 20 hadi 30 juu ya ardhi, changanya udongo wa hapohapo na changarawe na mboji kidogo, na upande juu yake. Shimo liwe na kina sawa na bonge la mizizi, upana wake mara mbili. Usizike shina kuliko lilivyokuwa kwenye chungu.

Mahali pazuri ni karibu na ukuta wa matofali unaotazama kusini, kwani ukuta hunyonya jua mchana na kulirudisha usiku. Usipande bondeni au chini ya mteremko wenye uzio mzima. Hewa baridi ni nzito, hutiririka chini na kutuama pale, na wakulima wa chai wa Kericho na Njombe wanalijua hili vizuri: sakitu huanza kuchoma bondeni, kule juu kukiwa salama.

Upepo nao usiudharau. Augustus Smith alipoanzisha bustani ya Tresco, visiwani Scilly, baada ya kuvikodi visiwa hivyo mwaka 1834, alilazimika kupanda miti ya kukinga upepo wa Atlantiki, hasa misonobari na miseprasi ya Monterey kutoka California. Bustani hiyo ilipigwa mara mbili kwa muda mfupi. Januari 1987 theluji na baridi viliua sehemu kubwa ya mimea, na kabla haijapata nafuu, kimbunga cha Januari 1990 kikaangusha karibu ukanda wote wa miti ya kinga. Kazi ya kwanza baada ya hapo ilikuwa kupanda upya kinga hiyo, kwani bila kinga mimea mingine isingeshika. Kwa kiwanja cha kawaida, ua hai wa Griselinia au Escallonia unatosha. Ua uwe unapitisha hewa kiasi. Ukuta mzima huurusha upepo juu, nao unaanguka upande wa pili kwa nguvu na mzunguko.

Majira ya joto ndiyo ya kujenga mti, na hapa ndipo wengi wanapolala. Mwagilia maji mengi mara moja kwa wiki kusiponyesha, kwa sababu mtende unapokua hunywa sana. Chuki yake ni kwa maji ya baridi yaliyosimama. Weka mbolea ya punje inayoyeyuka polepole, yenye naitrojeni, potasiamu na magnesiamu, mwezi Aprili na tena Juni. Baada ya Julai acha, ili usichochee makuti machanga yatakayokutwa na sakitu. Ukitaka kujua kama mti unakula vizuri, chora mstari mdogo kwa kalamu kwenye kuti changa la katikati, usawa wa kikonyo cha kuti la jirani. Rudi baada ya wiki moja. Mwezi Julai mstari unapaswa kuwa umepanda sentimita kadhaa. Ukiwa haujasogea, kagua mizizi na maji kabla ya kuongeza mbolea.

Majira ya baridi yakiingia, tandaza maganda ya miti au majani makavu yenye unene wa sentimita 15 juu ya mizizi, ukiacha nafasi shina lipumue. Trachycarpus uliokwisha kushika haufunikwi pwani. Miti michanga na ile ya Kanari ifunge makuti pamoja kwa kamba, kisha izungushie kitambaa chepesi cheupe cha bustani pale tu utabiri unaposema baridi kali inakuja, na ukifungue baridi ikiondoka. Usifunge nailoni. Nailoni hufungia unyevu ndani, na mti utaoza ukiwa umekingwa vizuri kabisa na baridi.

Mgomba una habari tofauti. Ule unaofaa ni Musa basjoo wa kusini mwa China. Usiutegemee kwa ndizi. Matunda yake ni madogo, yamejaa mbegu, hayaliwi. Faida yake ni majani, na mizizi inayovumilia udongo kuganda ikiwa imefunikwa. Sakitu ya kwanza itayageuza majani kuwa meusi. Yakate, zungushia shina waya wa kuku wenye kimo cha mita moja au zaidi, shindilia nyasi kavu ndani hadi juu, na uweke kifuniko cha kuzuia mvua. Fungua Aprili. Hata usipofanya hivyo na shina likaoza, machipukizi hutoka chini Mei, ila mgomba wako utaanza upya kila mwaka na hautakuwa mrefu. Mgomba mwitu wa milima yetu, Ensete ventricosum, ambao Waethiopia wa kusini hula tunguu lake, hauiwezi baridi hiyo kabisa. Ung'oe kabla ya sakitu, kata majani, na uuhifadhi karibu mkavu katika banda lisiloganda.

Ukitaka kujaza nafasi chini ya miti hiyo, tafuta Fatsia kwa kivuli, Agapanthus wa Afrika Kusini kwa jua, na Echium pininana wa Kanari, unaosimama hadi mita nne, ukajaa nyuki, kisha ukafa baada ya kumwaga mbegu. Gunnera, ile ya majani makubwa kama mwavuli, usiinunue wala kuigawa: ile ya Chile imepigwa marufuku kwa kuvamia kingo za mito, na iliyokuwa ikiuzwa kwa jina lingine imegunduliwa kuwa chotara wake.

Ukienda likizo Mombasa au Tanga, usirudi na mche begani. Mimea ya kupanda inahitaji cheti cha afya ya mimea, na kwa Kenya hutolewa na KEPHIS, kwa Tanzania na TPHPA, mamlaka za serikali za afya ya mimea. Sababu ni ya kweli. Fukusi mwekundu wa mitende, aliyeingia Ghuba miaka ya 1980, amekwisha kuharibu mitende kote Mediterania, naye husafiri akiwa buu ndani ya shina bila kuonekana. Kwa sababu hiyohiyo napendelea mche mdogo uliokuzwa hukohuko Uingereza kuliko mti mkubwa wa bei kali uliong'olewa Hispania, mizizi ikiwa imekatwa na mwili umezoea jua jingine.

Jambo moja la mwisho kwa wenye Trachycarpus. Kuna miti dume na miti jike, na ikikutana, jike huzaa vitunda vya buluu iliyoiva kuelekea weusi ambavyo ndege husambaza. Kusini mwa Uswisi umeingia misituni kiasi kwamba mwaka 2024 serikali ilipiga marufuku kuuza miche yake. Kama kiwanja chako kinapakana na msitu, kata makarara yake mara yanapofunguka na kuonyesha maua ya njano, mwezi Mei au Juni.