Somo: kuiongezea kaboni amilifu nguvu ya kushika shaba majini

Wandugu, "kaboni yangu haishiki shaba, kwa nini?" nimelijibu mpaka nimechoka. Naliandika hapa mara moja, na atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

Kaboni amilifu (makala yaliyotengenezwa yawe na vitundu vingi vidogo) ya kawaida hushika vizuri rangi, harufu na dawa za wadudu. Shaba na kobalti, ambazo ndizo zinatusumbua huku Lubumbashi karibu na machimbo, inazishika kidogo. Asidi sitriki huupa uso wake vikundi vya kaboksili (vishikio vidogo vya kikemia vyenye asidi), na hivyo ndivyo vinavyokamata metali.

1. Chekecha kaboni, baki na punje za nusu milimita hadi milimita moja. Osha, kausha.

2. Yeyusha asidi sitriki kavu gramu 192 (ile yenye maji ndani yake, gramu 210), jaza maji mpaka lita moja.

3. Loweka kaboni usiku kucha, chuja, kausha kwa nyuzi 50.

4. Oveni ya labo, nyuzi 120, saa mbili hadi tatu. Usipandishe ovyo: kwenye nyuzi 175 asidi yenyewe huvunjika.

5. Kuosha. Hapa ndipo kazi za wengi zinaharibika, kwa hiyo soma polepole. Asidi iliyojificha kwenye vitundu haitoki kwa kumwagia maji mara mbili. Loweka katika maji ya distile, subiri nusu saa, pima pH (kipimo cha uasidi: ikishuka, asidi imezidi), mwaga, rudia mpaka pH isibadilike tena. Ukiacha asidi, pH ya jaribio itashuka na ioni za hidrojeni zitagombea nafasi na shaba. Kibaya zaidi, sitrati (mabaki ya asidi sitriki) iliyoyeyuka huing'ang'ania shaba na kuibakiza majini, nawe utasema kaboni ni mbovu. USIOSHE kwa maji ya foraji (kisima cha kuchimbwa kwa mashine): kalsiamu yake itakaa mahali pa shaba.

6. Jaribio: gramu 0.197 ya salfati ya shaba ya buluu kwa lita moja hukupa miligramu 50 za shaba. Weka pH 5. Chukua mililita 100, tia gramu 0.2 za kaboni, tikisa, chuja, pima. Daima weka chupa ya pili isiyo na kaboni. pH ikipita 6, shaba huanza kutua chini yenyewe, na chupa hiyo ndiyo itakayokuambia.

MASWALI

– Yaya, naweza kuruka namba 5? Natetea mémoire (tasnifu yangu) kesho kutwa.
Hapana.

– Mimi nilitia makala ya kupikia ya soko la Kenya hapa Lubumbashi, shaba yote ikaisha. Kaboni ya kununua ni ya nini?
Ulipima pH? Makala hayo yana majivu, majivu hupandisha pH, na ule ute wa buluu chini ya chupa ndiyo shaba yako. Haikushikwa. Tia asidi kidogo uone inavyorudi majini.

– Je, nikiitia kwenye kisima cha nyumbani, mtaa wa Katuba?
Mama, usianzie hapo. Pimisha maji kwanza. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha miligramu 2 za shaba kwa lita, na 0.01 kwa risasi. Kaboni hii haiui vijidudu, na kuchemsha hakuondoi metali. Maji yanapopungua sufuriani, metali inazidi kukolea. Ukipata matokeo, yalete hapa tuyasome pamoja.

– Kaboni ikishiba inatupwa?
Swali zuri sana. Iloweke katika asidi hidrokloriki hafifu, 0.1 mola kwa lita, shaba itatoka na kaboni itarudi kazini, ingawa nguvu hupungua kidogo kila mara. Asidi hiyo usiimwage mtaroni. Mto Lubumbashi unaingia mto Kafubu, na watu wanamwagilia mboga kwa maji hayo. Tia chokaa mpaka shaba itue, chuja, hifadhi tope kwenye chupa yenye lebo.

– Na kaboni ya vibunzi vya mahindi?
Inashika, lakini ni laini, inavunjika na kuziba chujio. Maganda ya kokwa za mawese hutoa punje ngumu. Ukiwa na vibunzi tu, tikisa polepole na uchuje mara mbili.