Kuanza na kumaliza kipindi bila darasa kusinzia: mi nafanyaga hivi

Miaka yangu ya kwanza ya ualimu kila kipindi nilikianza na maneno yaleyale, "toeni madaftari, jana tuliishia wapi?", kimya, halafu yuleyule wa dawati la mbele anajibu, na mwishoni kengele inanikuta nimegeukia ubao nasema haya malizieni nyumbani. Katikati nilikuwa nafundisha vizuri tu, tatizo lilikuwa huku mwanzo na kule mwisho. Utaratibu ninaotumia sasa ndio huu, nachukulia kipindi ni cha dakika 40, kama chako ni kirefu refusha katikati, ncha ziache zilivyo.

Hatua ya 1: Anza na swali la kufungia

Ndio, la mwisho unaliandaa kwanza. Kabla hujagusa kitu kingine tafuta swali moja tu ambalo aliyeelewa atalijibu kwa sentensi mbili na asiyeelewa utamjua hapohapo. Tuseme unafundisha mvuke kugeuka maji, swali langu huwa: kwa nini kioo cha bafuni kinapata ukungu mtu akioga maji ya moto? "Mmeelewa?" sio swali jamani, darasa zima litaitikia ndiyooo na hiyo ni salamu tu.

Hatua ya 2: Kazi iwe ubaoni kabla hawajakaa

Maswali matatu mafupi, mawili ya kipindi kilichopita na moja la wiki iliyopita, daftari limefungwa, kila mtu kivyake, dakika 4. Wakati wanaandika we unaita mahudhurio, kwahiyo hakuna muda uliopotea. Maksi usiweke, ukiweka tu wataanza kuchungulia kwa jirani na lengo limekufa.

Kwanini daftari lifungwe? Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijifanyia majaribio mwenyewe ya kukariri silabi zisizo na maana akayachapisha mwaka 1885, akaonyesha kuwa sehemu kubwa ya tunachosahau inatoka mapema sana, ndani ya masaa ya mwanzo. Halafu mwaka 2006 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, wakapima wanafunzi, kundi moja likarudia kusoma, lingine likajaribu kukumbuka bila kuangalia. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma ndio walikuwa mbele, ila baada ya wiki mambo yakageuka, waliojilazimisha kukumbuka wakawaacha. Yaani ule ugumu wa kukuna kichwa ndio unaojenga, usiwaonee huruma ukawapa jibu.

Hatua ya 3: Tupa chambo

Hapa ndipo wengi tunapokosea, tunadhani chambo ni kichekesho au video. Darasa litacheka, halafu ukisema "sasa leo tutajifunza" unaona kabisa mabega yanashuka. Chambo kinatakiwa kiwe ndani ya topiki yenyewe, kiwasumbue.

Kwenye ule mfano wa mvuke mi naingia na glasi ya maji ya barafu niliyoyatia rangi nyekundu, naiweka mezani sisemi kitu. Matone yakianza kutokea nje nauliza, haya maji yametoka wapi? Lazima mtu aseme glasi inavuja, mwingine atasema yamepenya kwenye kioo. Napigisha kura ya mikono, kila mtu achague upande, halafu napangusa matone kwa tishu nyeupe nawaonyesha: tishu imelowa, wekundu hakuna. Hapo utasikia kelele nzuri, ile ya watu wanaobishana kuhusu somo, na jibu hulitoi, unaingia nalo kwenye kipindi. (Ijaribu mapema kabla ya kipindi, hewa ikiwa kavu sana matone hayaji, mi iliwahi kuniangusha nikabaki nimeshika glasi kavu mbele ya darasa zima.)

Hesabu je? Andika ubaoni 1/2 + 1/3 = 2/5 kwa kujiamini kabisa kisha waulize, 2/5 na nusu ipi kubwa? Wakigundua umeongeza kitu halafu kimepungua, we kaa pembeni uangalie.

Kitu kimoja hapa, ukishauliza nyamaza. Mary Budd Rowe wa Marekani alirekodi madarasa mengi akakuta mwalimu anasubiri kama sekunde 1 tu kabla hajadakia, na walimu waliposogeza hadi sekunde 3 majibu yakawa marefu na wanafunzi wengi zaidi wakaongea. Sekunde 3 mbele ya darasa ni ndefu kama mwezi, mi nahesabu kwa vidole mgongoni.

Hatua ya 4: Simama dakika 7 kabla ya kengele

Mpe mwanafunzi mmoja kazi ya kuangalia saa akustue. Akinyoosha mkono unaacha, hata kama sentensi iko nusu, na usianzishe kitu kipya, hiyo tamaa ya "kamfano kamoja ka mwisho" ndiyo inayotumaliza. Dakika 2 kila mtu amweleze jirani yake alichopata bila kusoma, zinazobaki ni za swali lile la hatua ya 1 kwenye kikaratasi.

Hatua ya 5: Pokea mlangoni

Simama mlangoni, kila anayetoka anakupa chake. Usisahihishe kwa kalamu nyekundu, gawa tu mafungu matatu: kaelewa, nusu nusu, kapotea. Vikaratasi 50 unavimaliza ukiwa umesimama. Fungu la tatu likiwa nene, kipindi kinarudiwa, hamna namna.

Hatua ya 6: Kesho fungua nalo

Chukua jibu moja lililopotoka kiutamu, linakili ubaoni kwa mwandiko wako, jina usitaje. Mimi nililipata hili: "kioo kinatoka jasho kwa sababu ya joto." Nikauliza tu, kama ni jasho la kioo, ile glasi ya jana ilikuwa ya baridi, jasho lilitoka wapi? Mkono wa kwanza kunyooshwa kulipinga jibu ulikuwa wa yuleyule aliyeliandika, na mpaka leo sijui kama alikumbuka ni la kwake.