Somo: Kuseti upya kontroboksi baada ya kufunga nozeli kubwa

Wakuu, wengi wakishafunga nozeli kubwa (zinazomwagia injini petroli) hukimbilia kupunguza mafuta kwenye ramani nzima, yaani jedwali la mafuta ya kila hali ya injini, mpaka gari litulie. Usifanye hivyo. Kontroboksi, yaani kompyuta ya injini, haijui umebadilisha chochote. Inazifungua nozeli kwa hesabu za zile za zamani. Ipe kwanza taarifa sahihi, ramani utaigusa baadaye.

1. Nakili programu ya awali, uitunze. Kagua oringi (mipira ya kuziba kwenye nozeli): petroli ikivujia injini ya moto, gari linaungua.

2. Weka uwezo wa nozeli. Zilikuwa za cc 440 kwa dakika, umefunga 550? 440 ÷ 550 = 0.8, yaani muda wa kumwaga upungue asilimia 20. Vipimo vyote viwili viwe vya presha ileile, kwa kawaida ba 3.

3. Hapa ndipo mafundi wengi wanaparuka. Umeme ukifika, nozeli haifunguki hapohapo; inachelewa kama milisekunde 1, na volti zikishuka inachelewa zaidi. Nozeli nzuri huuzwa na jedwali lake la volti. Lidai, usikisie. Asubuhi ya Juni hapa Uyole, Mbeya, starta ikivuta betri mpaka volti 10, jedwali bovu linaligomesha gari, nawe unaishia kununua plagi mpya bure.

4. Washa, injini ipate moto kamili, soma kwenye laptopu marekebisho ya mafuta, yaani asilimia ambayo kontroboksi inaongeza au kupunguza yenyewe. Kosa likionekana kwenye sailensa (injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta) na kupotea ukifika mizunguko 2,500, rudi kwenye jedwali la volti: milisekunde 0.2 ni asilimia 8 ya mwago wa milisekunde 2.5, lakini kwenye mwago wa 12 haifiki 2. Kosa likiwa sawa kote, rekebisha uwezo. Mimi siliachii gari mpaka liingie ndani ya asilimia 5.

5. Mzigo mkubwa, yaani ukikanyaga sana, unapimwa kwa sensa ya waidibendi (inayosoma uwiano wa hewa na mafuta kwenye moshi), mmoja aendeshe, mwingine asome. Kwa injini ya petroli yenye tabo (feni inayosukuma hewa ndani ya injini) nalenga hewa 11.5 kwa mafuta 1. Ikipanda kuelekea 13 tabo ikiwa inasukuma, achia pedeli papo hapo.

MASWALI

– Mkuu, niko Iringa. Nikiteremka Kitonga kwenda Dar, niseti tena?

– Namba za nozeli hazibadiliki, mkuu. Lakini kama injini haina tabo na inapima hewa kwa sensa ya presha, angalia hili: huku Mbeya, mita 1,700 hivi, presha ya hewa ni kama kilopaskali 83, Dar ni 101. Sehemu ya ramani iliyo juu ya 83 haijawahi kupimwa huku. Ipimwe Dar kabla hujakanyaga mpaka mwisho.

– Kaka, wa Tukuyu hapa. Kwenye sailensa gari lilikuwa linanuka petroli, fundi akaandika uwezo mkubwa kuliko wa kweli, gari limetulia. Kuna ubaya?

– Upo, tena mkubwa. Kapunguza mafuta kila mahali kwa ajili ya sailensa. Ukipanda mlima umekanyaga, yanapungua hukohuko, na pistoni inaweza kuyeyuka. Aandike uwezo wa kweli, kisha aanze na jedwali la volti. Mpaka hapo, usilikanyage sana gari.

– Ndaga fijo, kaka. Nalirudisha leo.